Mchanga wa Hajira

Mhina aliinua chupa, akaitikisa kwa nguvu, kisha akaiweka juu ya ukingo wa saruji na kusubiri. Walisubiri wote wawili, yeye amechuchumaa, Bwana Meneja amesimama na mikono mfukoni. Ndani ya chupa mchanga ulianguka upesi, lakini maji yaliyobaki juu yake hayakutakata. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hii mchanga hapana," alisema Bwana. "Hii udongo tu. Tia hii ndani ya pipa, kesho bwawa yote iko matope. Wewe toa wapi?"

"Ruvu, Bwana. Ule wa kwanza ulikuwa wa Lwengera."

Bwana akamwaga chupa majanini. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi hii aliielewa vizuri, kwani ndiye aliyemwelekeza Mhina kila bomba lipite wapi. Bwawa lilichimbwa nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo mtu akijilaza juu ya maji anaiona milima ya Usambara yote, kuanzia vilima vya chini mpaka mawingu ya Bungu. Lakini maji yake yalivutwa kwa pampu kutoka mto huo wa Ruvu, ambao wengine huuita Pangani, na kila yalipotiwa mapya yaligeuka kijani kabla watu hawajayafaidi. Binti yake Bwana aliugua masikio, kisha macho. Daktari wa Tanga akasema maji yachujwe, au bwawa lifukiwe.

Ndipo likaja pipa. Lilikuwa pipa la chuma la mashine ya zamani ya mkonge, refu kuliko mtu. Mhina alilisimamisha kando ya bwawa, akalitengenezea mfuniko wa kufungwa kwa nati, akalaza ndani yake, chini kabisa, mabomba yaliyotobolewa matundu madogo, akayafunika kwa kokoto. Maji yangetoka bwawani, yapite kwenye pampu, yapande mpaka juu ya pipa, yashuke ndani ya mchanga yakiuacha uchafu njiani, kisha yarudi bwawani yakiwa safi. Aliweka na koki za kugeuza mkondo, ili mchanga ukichafuka maji yapande kutoka chini, yaufumue, yatapike uchafu kwenye mtaro unaoelekea shambani. Kila kitu kilikuwa tayari. Pipa lilisimama tumbo wazi, likingoja kujazwa.

Mhina alilipenda pipa lile. Alikuja katika shamba hili la Korogwe akiwa kijana, akakata mkonge mpaka miiba ikamwandika mikono yote. Sasa alikuwa fundi bomba, na nyumba yake katika kambi ilikuwa ya bati. Alitaka pipa lifanye kazi kuliko Bwana mwenyewe alivyotaka. Labda ndiyo sababu aliyasema yale ambayo hakuna aliyemuuliza.

"Kwetu kuna mchanga, Bwana."

"Kwenu wapi?"

"Njia ya Handeni, mbele ya Sindeni, panaitwa Kwedihole. Mchanga kama chumvi ya mawe. Ukiutikisa ndani ya maji, maji yanabaki maji."

Bwana alimtazama, kisha akatabasamu.

"Kesho chukua lori," alisema.

*

Yordani dereva alizaliwa kambini, lakini baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, kwa hiyo yeye na Mhina, Mzigua, walikuwa watani, na safari nzima hawakupumzishana.

"Nimebeba katani," alisema Yordani, akilikwepesha lori mashimo. "Nimebeba mahindi, nimebeba maiti. Leo nabeba mchanga wa Wazigua. Mtani, hamna kitu kingine cha kutoa huko kwenu?"

"Tulitaka kutoa Wanyamwezi. Hakuna aliyewataka hata bure."

Vibarua waliokaa nyuma juu ya masepetu wakacheka, na Yordani akacheka kuliko wote.

Walikuta korongo la Kwedihole limekauka juu, kama linavyokauka kila mwaka baada ya mvua kwisha. Wageni wakiliona husema hapa hakuna maji. Wanawake wa Kwedihole wanajua kwamba maji yamelala chini, yamejifunika mchanga. Katikati ya korongo mwamba umelala kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma ya mwamba huo ndiko wanawake huchimba visima vyao, vitundu vya kina cha mkono wa mtu. Kila tundu lina mwenyewe. Mama humwachia binti yake, na binti hulifunika kwa tawi la miiba ili ng'ombe wasitie mdomo. Mke mgeni akiolewa kijijini huonyeshwa pa kuchimba kabla ya kuonyeshwa shamba.

Hajira alikuwa ameinama tunduni, akichota kwa kata na kumimina kwenye debe. Aliposikia lori aliinuka. Alipomwona anayeshuka, alipangusa mikono kwenye kaniki yake haraka haraka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, lumbu yangu, mdogo wangu! Umekuja na lori?" Akawageukia wenzake, ingawa wote walikuwa wanaona. "Ni Mhina huyu. Lori lake hilo."

"Si langu, dada. La shamba."

"Wewe si ndiye uliyekaa mbele?"

Mhina aliwaeleza kilichomleta. Jumbe alikwisha kukubali, salamu za Bwana zilimfikia kabla ya lori. Wanawake walisikiliza. Kisha Mwanaidi, mjane aliyekuwa mkubwa wao, akanyoosha kidole.

"Mchanga uko korongo zima. Kachimbeni kule chini ya mwamba."

Walikwenda, wakachimba, Mhina akautikisa ndani ya chupa. Ulikuwa na udongo. Walijaribu kwenye kona, wakajaribu ukingoni. Mchanga mweupe ulikuwa mahali pamoja tu, nyuma ya mwamba, palepale penye visima.

"Hapa kila tundu lina mtu," alisema Mwanaidi. "La kwangu halichimbwi. Mniue kwanza."

"Na langu," akasema mwingine.

Vibarua waliegemea masepetu yao. Yordani alitazama jua. Mhina alifikiria kurudi Korogwe na lori tupu, na Bwana amesimama kando ya pipa, mikono mfukoni.

Hajira alikuwa anamtazama mdogo wake. Alimlea huyu. Mama yao alipokufa, Mhina alikuwa bado analala mgongoni.

"Chukueni la kwangu," alisema.

"Hajira!" Mwanaidi alishtuka.

"Ni langu, Mama Mwanaidi. Aliniachia mama. Mimi na huyu ndio tuliobaki katika tumbo lile. Nisipompa yeye nimpe nani? Ninyi sikuwagusa. Mimi nitachimba jingine pembeni."

Tundu la mtu ni la mtu, na Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyetoka kusema hivyo. Alijitwika debe lake, akaondoka.

Vibarua wakachimba. Mchanga ulitoka mweupe, punje kwa punje, kama uliopepetwa. Maji yaliwapanda vifundoni, yakawa baridi, wakayanywa kwa viganja na kusifu. Waliendelea. Shimo likapanuka, likashuka, mpaka sepetu zikalia juu ya jiwe. Lori lilipoondoka lilikuwa linadondosha maji njia nzima, na vumbi la barabara likawa na mstari mweusi nyuma yao mpaka Sindeni.

*

Pipa lilijaa. Mhina alikaza nati za mfuniko, akafungua koki, akaitia pampu moto. Alisimama ameweka kiganja juu ya chuma, akasikia maji yakiingia.

Bwawa halikutakata mara moja. Kwanza kijani kilififia, kisha kikawa kama ukungu. Halafu asubuhi moja Bwana alimwita Mhina, wakainama pamoja ukingoni, wakaona chini kabisa, mpaka alama za mwiko wa mwashi kwenye saruji. Binti yake Bwana alizama na kuibuka, macho meupe, anacheka. Jumapili walikuja wageni kutoka mashamba mengine. Mmoja wao aliuliza sana habari za pipa, akalizunguka, akaligonga kwa vidole. Na Bwana, mbele ya wageni wote, aliweka mkono juu ya bega la Mhina.

Mkono ule Mhina alikaa nao siku nyingi. Akilala alikuwa nao.

Alikuwa anausafisha mchanga, amegeuza mkondo na maji ya kahawia yanakimbia mtaroni, aliposikia askari wa lango anamwita.

"Fundi! Kuna mama hapa, anasema ni dada yako. Mwambie asikanyage maua ya memsahibu, nitagombezwa mimi!"

"Mwache apite, Ponsiano."

Hajira alikuja polepole, debe tupu kichwani, miguu imekuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka Kwedihole. Mhina alimwamkia, akakimbia jikoni kwa mpishi, akaleta maji ndani ya kopo. Hajira aliyanywa yote bila kulitoa kopo mdomoni, kisha akalitazama ndani, kama mtu anayehakikisha.

"Kisima kimekauka, dada?"

"Kingekauka changu peke yake, nisingekuja." Alikaa chini, kwenye kivuli cha pipa. "Vimekauka vyote."

"Vyote? Tulichukua kwako tu."

"Kwangu tu. Shimo mliloliacha lilikuwa chini kuliko matundu yote, na halina mchanga wa kulifunika. Maji ya wenzangu yakahamia humo. Tuliona asubuhi limejaa, tukafurahi. Jua likalinywa. Ng'ombe wakaingia na miguu yao. Kilichobaki ni tope, na sasa hata tope hakuna." Aligeuza kopo mikononi. "Tundu lilikuwa langu, Mhina. Maji hayakujua."

Pampu ilikuwa inaguruma, Mhina akaenda kuizima.

"Wanakusema?" aliuliza aliporudi.

"Wangenisema ningeshukuru. Mwanaidi ananipisha njiani kama anavyopisha jeneza. Wanakwenda kuteka mbali, alfajiri, wote pamoja, wanapita mlangoni kwangu bila kuniamsha. Nikiwafuata nyuma, wananyamaza. Tangu nizaliwe sijawahi kuteka maji peke yangu." Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Nimekuja kuchukua mchanga wa mama."

"Dada, mchanga sasa ni wa Bwana."

Hajira aliinua macho, akalitazama bwawa. Lilikuwa limetulia, la samawati, milima imelala ndani yake kichwa chini.

"Na maji yale?"

"Ya Ruvu."

"Mnakunywa?"

"Hapana. Ya kuogelea."

"Kuogelea," alirudia Hajira, taratibu, kama anayeonja chakula cha kigeni.

*

Bwana alikuwa barazani, anakunywa chai. Mhina alivua kofia, akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuongeza. Bwana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole," alisema, na alimaanisha. "Lakini mvua itakuja, mto italeta mchanga ingine. Mchanga iko mingi, Tanganyika yote." Akaweka kikombe chini. "Sasa sikia. Rafiki yangu, ile ya Jumapili, yeye nataka pipa kama hii. Kesho lori iende Kwedihole tena. Wewe onyesha."

Mhina aliigeuza kofia mikononi. Aliona matundu mengine, moja baada ya jingine, na sepetu zikilia juu ya jiwe.

"Sitaonyesha, Bwana."

"Nini?"

"Sitaonyesha. Na naomba ule mchanga uliomo ndani ya pipa. Nitaosha wa Ruvu kwa mikono yangu, karai kwa karai, mpaka utakate, nikujazie pipa upya."

"Miezi ngapi?"

Mhina hakujua.

"Na hii miezi yote, mtoto wangu aogelee wapi? Kwa maji ya kijani?" Bwana alisimama. Sauti yake haikupanda. "Rudi kazi, Mhina."

Alirudi kazini. Hajira alikuwa palepale kivulini, amekumbatia magoti. Mhina aliokota spana, akasimama mbele ya pipa kwa muda. Aliifikiria nyumba ya bati, na mke wake aliyeipenda ile nyumba, na bega lake. Hakuna aliyekuwa amelishika bega lile kabla ya Bwana, na alijua hakuna atakayelishika tena.

Kwanza aliuosha. Aliwasha pampu, akageuza koki, akayaacha maji yapande kutoka chini na kutapika mtaroni, kahawia, kisha manjano, kisha safi. Ndipo akafunga kila kitu, akafungua nati za mfuniko, akaingia ndani ya pipa na sepetu.

Mchanga ulianza kuanguka nje, juu ya saruji nyeupe.

"Fundi!" Ponsiano alikuja mbio. "Fundi, umelewa? Mchana huu?"

Hajira alisimama, akaanza kuukusanya kwa mikono ili usitapakae.

Bwana alipofika, pipa lilikuwa nusu tupu. Mhina alimwona kutoka juu ya mdomo wa pipa, kofia yake tu na mabega. Waliangaliana.

"Wewe jua unafanya nini?"

"Najua, Bwana."

"Leo kazi kwisha. Nyumba, utatoka leo."

"Ndiyo, Bwana."

"Na hii uchafu, toa nje ya lango yangu, yote. Lori yangu hapana beba."

"Sikuomba lori, Bwana."

Pengine Bwana angesema jambo jingine. Lakini binti yake alikuwa ametoka na taulo begani, amesimama ukingoni, anamwangalia baba yake, kisha mwanamke mwenye kaniki, kisha mchanga. Bwana akamshika mkono, wakaingia ndani.

*

Walibeba kwa karai mpaka nje ya lango, wakarudi, wakabeba tena. Ponsiano alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, mwisho akaliacha wazi. Jua lilipoanza kuinama, rundo lilikuwa kando ya barabara, jeupe, limekaa kama kaburi lisilo na jina. Mke wa Mhina, Stefania, alikuwa amekwisha kupata habari. Alikuja, akaliona rundo, akamwona wifi yake. Hakulia.

"Nitakwenda kwa mama yangu, kule Masuguru, na vyombo," alimwambia mumewe. "Ukimaliza, utanikuta." Akamwamkia Hajira kwa heshima, akaondoka.

Lori la Yordani lilisimama karibu nao, likazimwa.

"Wazigua," alisema akiwa dirishani, "mmeanza kula mchanga?"

Hakuna aliyecheka. Yordani akashuka, akauvua uso wa utani.

"Nimeambiwa kesho niende kwenu. Nimemwambia Bwana njia siijui. Nimesema huko miti yote ni sawa na watu wote ni sawa, mwenye kunielekeza ni wewe."

"Akasemaje?"

"Akasema atamtafuta mwingine."

"Jumbe anaijua," alisema Mhina.

"Jumbe anaijua," alikubali Yordani. Alilipiga teke gurudumu, kidogo tu. "Nikienda Handeni kuchukua mahindi nitabeba magunia ya huu, chini ya turubai. Kila safari kidogo. Leo siwezi, mtani. Wananitazama."

"Najua. Nenda."

Yordani alisimama zaidi kuliko ilivyohitajika, kisha akaliwasha lori, akaingia langoni.

Hajira alikuwa amekwisha kulijaza debe lake, si mpaka juu, kwa kuwa mchanga ni mzito kuliko maji. Alizungusha kipande cha kaniki mkononi kikawa ngata, akaiweka kichwani.

"Dada, ni debe moja. Shimo lile lilijaza lori."

"Nililiona lori."

"Utafika kesho jioni."

"Nikifika, Mwanaidi atataka kujua nimebeba nini." Aliinama. "Nitwike."

Mhina alimtwika. Hajira alijinyoosha polepole, akashusha mikono, akaanza kwenda. Hakuharakisha wala hakuyumba. Alikwenda kama anavyokwenda na maji.

Mhina alitazama nyuma. Mtu alikuwa ameegemeza debe la taka langoni, debe la memsahibu, lililopigwa rangi. Ponsiano alifuata macho yake, kisha akageuza uso wake upande wa pili na kubaki ameugeuza. Mhina akaliokota debe, akalikung'uta, akalijaza kwa mikono yote miwili. Alivua shati, akalisokota likawa ngata. Hakuwa amewahi kubeba kitu kichwani tangu awe mtu mzima, huko kwao mwanamume habebi hivyo. Alipiga goti, akaliinua debe mpaka begani, likamshinda, akaliinua tena, akaliweka kichwani.

Uzito ulimshuka mpaka visiginoni. Alisimama. Mchanga ulimwagika kidogo, ukamwingia sikioni, ukiwa bado una unyevu.

Barabara ya Handeni ilikuwa mbele, nyekundu, mistari ya mkonge huku na huku. Mhina alipiga hatua, debe likayumba, akalishika, akapiga nyingine. Shingo yake ilikuwa inatetemeka. Hajira alisikia miguu nyuma yake. Hakugeuka, maana mwenye mzigo kichwani hageuki. Alipunguza mwendo tu, kiasi cha mtu kumfikia.